Mafuriko Yasiyo na Mvua

Mafuriko ya majira ya kuchipua ni maji yaliyoanguka zamani. Hushuka kuanzia Novemba hadi Februari yakiwa theluji, hulala mashambani na juu ya mapaa bila kwenda popote, na jua la Machi linapopata nguvu, akiba ya miezi minne hudaiwa yote kwa wiki mbili. Mto waweza kupita kingo zake chini ya anga lisilo na wingu hata moja. Kwa mtu aliyekulia nchi za masika na vuli, ambako hata mtoto wa darasa la pili anajua kwamba mto hufuata mvua, jambo hilo haliingii akilini mpaka alione.

Mto Red wa Kaskazini ni mfano wa kitabuni. Huanza pale mito ya Bois de Sioux na Otter Tail inapokutana, kati ya miji ya Wahpeton na Breckenridge, ukaelekea kaskazini ukiwa mpaka wa majimbo ya North Dakota na Minnesota nchini Marekani. Hupita Fargo na Grand Forks, huingia Kanada, hupita Winnipeg, kisha humwaga maji yake katika Ziwa Winnipeg baada ya safari ya karibu kilomita 885. Ubaya wake una vyanzo viwili. Kwanza, mto unaelekea upande wa baridi. Theluji ya kusini huyeyuka mapema, maji hushuka na kuukuta mto wa kaskazini ungali umeganda, mapande ya barafu husongamana kwenye kona na chini ya madaraja, na maji yanayosukumwa kutoka nyuma hayana pa kwenda ila pembeni. Pili ni bonde lenyewe, ambalo kwa haki lisingeitwa bonde. Ni sakafu ya Agassiz, ziwa la kale lililotokana na kuyeyuka kwa barafu kuu, likakauka maelfu ya miaka iliyopita. Ardhi yake imelala kama meza. Karibu na Fargo mteremko ni wa sentimita tu kwa kilomita, na karibu na mpaka wa Kanada hupungua zaidi. Maji yakishatoka mtoni hayana kilima cha kuyarudisha.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliishi katika bonde hilo miaka kadhaa kuanzia Agosti 2008, akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyekabidhiwa kazi ya kuchora ramani za mafuriko kwa picha za setilaiti. Miaka hiyo ilikuwa imeshasahaulika hadi Aprili 2024, Mto Rufiji ulipofurika katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Picha za setilaiti zikaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, buluu juu ya buluu, na kila mtu na tafsiri yake. Mmoja alithibitisha kwa picha kwamba bwawa lililo juu ya mto ndilo lililoleta maji. Mwingine, kwa picha ileile, kwamba bwawa ndilo lililoyapunguza. Mjomba mmoja wa mwandishi, mkulima wa upande wa Muhoro, aliyekuwa amehamia kwa jamaa mahali pa mwinuko, hakuwa na habari na ubishi huo. Alipiga simu kwa shida ndogo zaidi. "Mjomba, si wewe uliyesomea mambo haya? Hebu nitazamie nyumba yangu kama bado imesimama."

Alichokuwa amekisomea mwandishi ni mto wa theluji. Kuutazama mto wa namna hiyo huanza kabla maji ya kutazamwa hayajakuwapo. Kinachotafutwa kwanza ni kiasi cha maji kilichofungiwa ndani ya theluji, na unene wa theluji hausemi mengi. Theluji mpya ni hewa kwa sehemu kubwa: sentimita 10 zikiyeyushwa hutoa takribani sentimita 1 ya maji. Theluji ya Machi, iliyoshindiliwa na upepo na kuganda tena mara kadhaa, huweza kutoa mara tatu ya hapo. Februari 2009 mwandishi alipelekwa shambani na bomba la chuma lenye meno mwishoni. Bomba huzungushwa hadi liguse udongo, huchomolewa likiwa limejaa, na hutundikwa kwenye mizani ya ndoano. Uzito wake ndio unaosema maji ni kiasi gani. Vidole vilikufa ganzi ndani ya glavu mbili. Chini ya theluji, bomba lilikuwa likitoka na kidonge cha matope meusi yaliyoganda, kigumu kama kipande cha tofali, chenye nyuzi za barafu ndani yake. Mvua za mwisho wa mwaka 2008 zilikuwa nyingi bondeni, na udongo ulikutwa na baridi ukiwa bado umelowa. Udongo wa namna hiyo haunywi kitu. Kila tone litakaloyeyuka juu yake litatafuta mto.

Picha zilizokuwa mezani hazikuwa na habari ya kile kidonge. Chombo cha MODIS, kilichomo ndani ya setilaiti mbili za Marekani, Terra iliyorushwa Desemba 1999 na Aqua iliyorushwa Mei 2002, kilionyesha kila siku ya anga safi mahali palipofunikwa na theluji. Weupe ulikuwa weupe tu, uwe wa sentimita 5 au 50. Aqua ilibeba pia chombo kingine kilichosikiliza mawimbi dhaifu ya mikrowevu yanayotoka ardhini yenyewe, na kwayo maji ya theluji yaliweza kukadiriwa, lakini kila kipimo kilifunika eneo la makumi ya kilomita, tena theluji ikianza kulowa makadirio huharibika, yaani huharibika wiki ileile yanapohitajika. Njia iliyoaminiwa zaidi ilikuwa ya ndege. Kituo cha kitaifa cha theluji kilichopo Chanhassen, Minnesota, hurusha ndege ndogo kwa kimo cha mita 150 tu, na ndege hiyo hupima mionzi ya gama ambayo udongo wowote huitoa kwa asili. Maji humeza sehemu ya mionzi hiyo. Mstari uleule hurukwa kabla ya theluji na baada ya theluji, na upungufu kati ya vipimo viwili ndio maji yaliyolala hapo. Mwandishi alikuwa amekuja na imani kwamba kilicho juu zaidi ndicho kinachoona zaidi. Imani hiyo ilianza kupata ufa Februari ileile.

Mto ulianza kupanda wiki ya tatu ya Machi. Mjini Fargo mto huhesabiwa kuwa umefurika ukifika mita 5.5 kwenye kipimo cha mjini. Utabiri ulipanda siku hadi siku mpaka ukatajwa uwezekano wa mita 13. Masomo yalisimamishwa, wanafunzi wakapelekwa kujaza viroba vya mchanga. Kazi ilifanyika ndani ya Fargodome, uwanja wa michezo wenye paa, kwa mashine iliyopewa jina la buibui kwa sababu ya mikono yake mingi: mchanga unamiminwa juu, kila mkono unatema chini, na chini ya kila mkono yupo mtu na kiroba wazi. Viroba kama milioni 3 vilijazwa mjini katika siku hizo. Baridi ilirudi ghafla, na viroba vilivyokaa nje usiku viliganda. Kiroba kilichoganda ni jiwe: hakibonyei, hakishikamani na mwenzake, na maji hupita katikati. Kwa hiyo vilihifadhiwa ndani na kutolewa kwa malori wakati wa kupangwa tu, watu wakapeana mkono kwa mkono katika mistari iliyopinda nyuma ya nyumba za wengine.

Katika mstari mmoja wa namna hiyo alikuwapo mama wa makamo kutoka pande za Uvira, mmoja wa wakimbizi wa Kongo waliopewa makazi Fargo. Alipomsikia mwandishi akijibu simu kwa Kiswahili alifurahi, kisha akauliza swali ambalo vitabu vya somo hili huchukua sura nzima kulijibu. "Mutoto yangu, hii maji inatoka wapi na mvua haijanyesha?" Jibu alilopewa lilihusu theluji ya kusini, mto unaokwenda kaskazini na udongo uliokataa kunywa. Alisikiliza hadi mwisho, akapokea kiroba kingine, akasema kwao mto ukijaa hujulikana kwa sauti yake, huu umenyamaza kama mwizi. Ni kweli. Mto wa ardhi tambarare haungurumi. Unapanda ukingo kama maji ya beseni.

Tarehe 28 Machi 2009 mto ulifikia mita 12.45, ukaivuka rekodi iliyokuwa imesimama tangu mwaka 1897. Tuta lilihimili sehemu kubwa ya mji. Baridi iliyogandisha viroba ndiyo hiyohiyo iliyosimamisha uyeyukaji na kukata kilele cha mto kabla hakijafika kilikotabiriwa. Usiku ule mwandishi alirudi maabara akitumaini kuipata picha ya mji mto ukiwa juu kabisa. Aliyokuwa nayo ilikuwa ya siku kadhaa nyuma, tena nusu yake wingu.

Hapa inafaa kueleza ratiba, maana wengi hudhani setilaiti huelea juu ya mahali fulani na kupiga picha inapoagizwa. Landsat, familia kongwe ya setilaiti za kutazama ardhi, ilianza tarehe 23 Julai 1972. Mwaka 2009 zilizokuwa kazini ni Landsat 5, ya mwaka 1984, na Landsat 7, ya mwaka 1999. Kila moja ilirudi juu ya mahali palepale baada ya siku 16, na kwa kupishana zilitoa nafasi moja kila siku 8. Landsat 7 ilikuwa na kilema: kifaa chake cha kunyoosha mistari kiliharibika tarehe 31 Mei 2003, na tangu hapo kila picha ilikuja na mapengo ya mistari myeusi, takribani sehemu 22 kwa 100 ya eneo ikiwa haipo. Pikseli ya Landsat, yaani nukta moja ya picha, hufunika mita 30 kwa 30, kadiri ya kiwanja cha shule ndogo. MODIS ilikuja kila siku, asubuhi na alasiri, lakini pikseli yake bora ilikuwa ya mita 250. Maji ya kifuu bahari ya chungu: mtaa uliozama hadi madirishani huweza usijaze hata pikseli moja ya MODIS, na kwa kompyuta mtaa huo ni mkavu. Anayetafuta mafuriko hulazimika kuchagua kati ya kuona vizuri mara chache na kuona vibaya kila siku, na wingu likitanda hata uchaguzi huo haupo. Kitu kimoja kilikuwa kimerahisika. Kuanzia mwaka 2008 serikali ya Marekani ilianza kuitoa hazina yote ya picha za Landsat bure, na mwanafunzi asiye na senti angeweza kushusha picha za miaka 25 ya bonde hilo kwa usiku mmoja wa intaneti nzuri. Yaliyofuata katika kumbukumbu hizi yasingewezekana bila uamuzi huo.

Aprili anga lilifunguka, na picha nzuri ya kwanza ikapatikana. Kusoma picha ya namna hiyo kunategemea tabia ya kila kitu mbele ya mwanga. Maji humeza karibu mwanga wote wa infraredi, ule usioonekana kwa jicho, kwa hiyo katika picha ya infraredi mto huwa mweusi kama wino. Majani mabichi huurudisha kwa wingi. Theluji ni kigeugeu: hung'aa katika mwanga wa kawaida, hugeuka nyeusi katika infraredi ya mawimbi marefu zaidi, na kwa kigezo hicho hutengwa na mawingu mengi, ambayo hubaki meupe pande zote mbili. Wachoraji huvika mawimbi hayo rangi bandia, maji yakawa buluu nzito, theluji na barafu zikawa feruzi, udongo mtupu ukawa kahawia. Kipo pia kipimo chepesi kilichopendekezwa na mtafiti McFeeters mwaka 1996: mwanga wa kijani toa infraredi, gawa kwa jumla ya vyote viwili, na panapozidi sifuri ni maji. Mwandishi aliandika kanuni hiyo katika programu, akabonyeza, na kwa dakika chache ramani ya mafuriko ikatoka. Ilikuwa nzuri sana. Eneo la maji lilikuwa kubwa ajabu.

Msimamizi wake aliitazama muda mrefu, hakusema kitu, akauliza tu kama mwanafunzi ana mabuti ya mpira. Siku ya pili waliingia kwenye gari la pikapu na kwenda kusimama katika sehemu nne za ramani hiyo. Ya kwanza ilikuwa maji kweli. Ya pili, ambako ramani ilikuwa buluu tupu, palikuwa na theluji iliyolowa, laini kama uji wa sembe uliozidi maji, na buti likizama lilitoka bila kumwagika tone. Ya tatu ilikuwa shamba la viazisukari lisilo na kitu, udongo mweusi wa Agassiz uliolowa hadi ukawa unang'aa. Hakuna maji juu yake, ila weusi wake ulikuwa umeidanganya kompyuta. Ya nne ndiyo iliyouma. Kwenye ramani palikuwa pakavu. Shambani palikuwa na mabua ya mahindi yaliyobaki baada ya mavuno, yakisimama kama brashi, na katikati yake maji yaliyofika kwenye muundi, juu yake utando wa barafu mwembamba kama kioo cha dirisha uliokuwa ukivunjika kwa mlio kila hatua. Mabua yaliirudishia setilaiti mwanga, barafu ikaongeza wake, maji yakafichika. Ramani moja ilikuwa imekosea kwa kuzidisha na kwa kupunguza, na jumla ya eneo, kwa bahati mbaya tupu, ingeweza kuonekana sahihi.

Safari hiyo ilizaa jambo jingine ambalo mwandishi alikuwa ameliona kwenye picha bila kulielewa. Mafuriko ya bonde hilo yakitazamwa kutoka juu hayana umbo la mto. Yana umbo la miraba. Ardhi ilipimwa zamani kwa mistari ya maili moja, karibu kilomita 1.6, na juu ya mistari hiyo zikajengwa barabara za changarawe zilizoinuliwa kidogo kuliko mashamba. Kila barabara ni tuta bila kukusudiwa. Theluji ya shambani ikiyeyuka hutafuta karavati lipitishe maji chini ya barabara, na karavati likiwa limezibwa na barafu mraba mzima hujaa, kisha maji huruka barabara na kuingia mraba wa pili. Mswahili wa Ifakara au wa Mwea angeitambua picha hiyo mara moja: ni majaruba ya mpunga, ila kila jaruba ni la ekari 640. Maji mengi yaliyopakwa buluu siku ile hayakuwa yametoka mtoni. Yalikuwa yakienda mtoni, yakachelewa njiani. Programu zilizoandikwa kwa wazo kwamba mafuriko huanzia kwenye mkondo na kutanuka ziliyafuta maji hayo kama makosa, na wakulima waliokuwa wamezingirwa nayo wakawa hawamo katika hesabu.

Mto ulifurika tena mwaka 2010 na 2011. Kufikia hapo mwandishi alikuwa amehamia kwenye rada, akiamini amepata mwisho wa matatizo. Rada haingoji jua wala haizuiwi na wingu. Hutuma wimbi lake yenyewe kwa ubavu na kusikiliza kinachorudi. Maji tulivu ni kama kioo kilichoinamishwa, hulipeleka wimbi upande wa pili na setilaiti haisikii kitu, kwa hiyo maji huwa meusi. Ardhi yenye majani na mabonge hutawanya wimbi, sehemu ikarudi, na picha ikawa ya kijivu. Kanada ilikuwa imerusha RADARSAT-1 mwaka 1995 na RADARSAT-2 mwaka 2007, na kwa nchi yenye mawingu ya majira ya kuchipua kama ile, hakuna asiyeona faida yake.

Lakini mto wa theluji una hila zake. Theluji kavu rada huipita kama haipo; theluji iliyolowa huimeza, na matokeo ni weusi uleule wa maji. Usiku mmoja wa Machi wenye joto la nyuzi chache juu ya sifuri unatosha kugeuza kata nzima kuwa "ziwa" kwenye picha ya rada. Upepo nao hufanya kinyume: ukivuma juu ya maji halisi huyakwaruza, wimbi hurudi, na ziwa hugeuka nchi kavu. Kwenye miti kando ya mto mambo hupinduka kabisa, kwani wimbi hugonga maji, kisha gogo, likarudi lote kwa setilaiti, na msitu uliozama ukang'aa kuliko ulio mkavu. Mwandishi alitumia majuma mawili akitafuta kosa katika programu yake kwa sababu ya ukanda mweupe uliofuata mto katikati ya mafuriko. Ukanda huo haukuwa kosa. Ilikuwa miti iliyosimama majini.

Katika miaka hiyo alikwenda Grand Forks, kilomita 130 hivi kaskazini ya Fargo. Kando ya mto, katikati ya mji, umesimama mnara wa mawe wenye alama za vimo ambavyo mafuriko mbalimbali yalifika. Alama ya mwaka 1997 iko juu mno kiasi cha kumlazimisha mtu kuinua shingo. Majira ya baridi ya 1996 na 1997 yalimwaga Fargo theluji ya karibu mita 3 kwa jumla, na dhoruba ya mwisho ikaja Aprili, uyeyukaji ukiwa umeanza. Idara ya utabiri ilikuwa imetaja mita 14.9 kwa Grand Forks. Mto ulifika mita 16.6. Tuta lilipitwa, watu wapatao 50,000 wakahamishwa, na moto ukazuka ndani ya mji uliojaa maji ukateketeza majengo 11. Huko Kanada maji yaliungana mpaka watu wakayaita Bahari Nyekundu, upana wake ukifika karibu kilomita 40 mahali pengine, na Winnipeg ikanusurika kwa mfereji wa kuchepusha maji wa kilomita 47 uliokamilika mwaka 1968. RADARSAT-1 iliipiga picha bahari hiyo kupitia mawingu.

Chini ya mnara huo swali lilikuwa jepesi kuliko yote ya darasani: picha hiyo ingeisaidia nini Grand Forks? Picha ya setilaiti huonyesha upana wa maji, na mji uliangushwa na kimo, tofauti ya mita 1.7 iliyojulikana kwa kijiti cha kipimo kilichosimama mtoni. Kimo chaweza kupatikana kutoka kwenye upana endapo ukingo wa maji utalazwa juu ya ramani sahihi ya miinuko, kama ile inayotengenezwa kwa leza kutoka ndegeni. Katika nchi tambarare hesabu hiyo ni ya hatari, kwa sababu kosa la sentimita 20 katika mwinuko huweza kuuhamisha ukingo wa maji kwa kilomita nzima. Setilaiti ya kupima kimo cha maji yenyewe, SWOT, ilirushwa Desemba 2022 na Marekani pamoja na Ufaransa, ikilenga mito yenye upana wa mita 100 na zaidi. Mto Red ndani ya Fargo, siku za kawaida, ni mwembamba kuliko hivyo.

Kazi ya mwisho katika bonde hilo ilikuwa ya mkataba wa miezi michache katika ofisi moja iliyochapisha ramani za mafuriko kwa ajili ya vikosi vya dharura. Ofisi ilikuwa na desturi ya kuandika juu ya ramani tarehe ya kuichapisha, na tarehe ya picha ikawekwa pembeni chini kwa herufi ndogo, wakati mwingine ikasahauliwa kabisa. Asubuhi moja dereva wa lori la viroba alirudi na ramani mkononi, amelowa hadi kiunoni. Barabara aliyoambiwa iko wazi ilikuwa wazi kweli, siku tatu nyuma. Hakufoka. Aliiweka ramani mezani, ikawa inachuruzika, akauliza choo kiko wapi. Tangu siku hiyo mwandishi, akipewa picha yoyote ya mafuriko, hutafuta tarehe na saa kabla hajatazama buluu.

Ndivyo alivyofanya Aprili 2024 baada ya simu ya mjomba. Mafuriko ya Rufiji ni ya mvua, hayana theluji wala barafu, na hila zake si zilezile. Masika hufunika bonde kwa mawingu, kwa hiyo picha za mwanga wa jua zilizokuwa zikizunguka zilikuwa za vipande, nyingi hazina tarehe. Zilizofaa ni za rada, za Sentinel-1 ya Ulaya, ambazo hutolewa bure. Familia hiyo ilikusudiwa kuwa na setilaiti mbili zinazopishana, lakini ya pili iliharibika Desemba 2021 na mbadala wake haukurushwa hadi Desemba 2024. Aprili ile ilibaki moja, inayorudi juu ya Rufiji baada ya siku 12. Picha iliyopatikana ilionyesha uwanda mweusi kutoka bondeni kuelekea delta, na pembezoni mwake mabaka yanayong'aa. Aliyapita mabaka hayo polepole. Mikoko na miti ya kando ya mto, yaani maji yalikuwa yamesimama chini yake pia, ingawa ramani zilizochorwa haraka ziliyaacha mabaka hayo nje.

Nyumba ya mjomba ni ya vyumba vitatu, paa la bati. Katika picha yenye pikseli za mita 10 nyumba hiyo ni nukta moja au mbili, na bati peke yake hung'aa kwenye rada, maji yawepo yasiwepo. Kilichoweza kusemwa ni kwamba saa setilaiti ilipopita, kiasi cha saa kumi na mbili na nusu jioni, ukingo wa weusi ulikuwa kama mita 60 kutoka hapo. Dungu lake la shambani, kibanda cha juu ya nguzo anamokaa kufukuza ngedere na nguruwe, lilikuwa ndani ya weusi kabisa.

Mjomba alipigiwa simu na kuelezwa hivyo, pamoja na tarehe. Akahesabu kwa vidole, ikasikika kwenye simu. Siku hiyo, alisema, maji yalikuwa kwenye mwembe wa jirani. Nyumbani kwake yaliingia usiku wa siku ya nne baadaye, maana ndiyo siku jirani huyo alipopita na mtumbwi kuchukua magodoro. Kisha akauliza setilaiti itarudi lini. Alitaka kujua maji yatakapoanza kuondoka, kwa sababu anayechelewa kuyafuata na mbegu hukosa mlau, ule msimu unaolimwa kwenye unyevu ambao mto unaacha nyuma. Akatajiwa tarehe. Akasema ni mbali, atamtuma kijana achome vijiti kwenye ukingo kila asubuhi.